Nyota Isiyotakiwa Kung'aa

Jumatatu, 26 Januari

Kutwa niko kiwanda cha uchapaji. Kadi za harusi za mteja wa Magomeni zimetoka salama, dhahabu imekaa barabara, hakuna iliyopinda. Kalenda za msikiti bado. Baridi ya kukera. Laobani Lin, mwenye kiwanda, anavaa makoti mawili ndani ya ofisi yake mwenyewe na hataki kuwasha hita. Chai yake ni maji yaliyopitishiwa jani, kikombe kama cha kuchezea watoto. Ukimaliza anajaza. Ukikataa anajaza.

Wiki ijayo Wachina wanafunga kwa mwaka mpya wao. Mabegi ya wafanyakazi yameshajipanga ukutani. Kila mwaka naapa sitabakisha kazi mpaka dakika za mwisho, kila mwaka naingia mkenge ule ule.

Iliyobaki ni kazi ya Neema. Neema anasomea uchoraji hapa Guangzhou, chuo kikuu, msichana wa Machame, Mlutheri, ana adabu mpaka inachosha. Kachora kitabu cha watoto, picha nyingi, maneno machache, kwa Kiswahili. Kinamhusu mtoto wa Kiyahudi aliyenusurika mauaji ya Wanazi. Aliponiambia nilijibu kazi ni kazi. Mimi ni wakala, watu wa nyumbani wananiletea vya kuchapwa, navichapisha. Sijakisoma.

Laobani kauliza jalada liweje. Nimemwambia kama kawaida yangu. Macho yalikuwa kwenye kadi za harusi.

Jumatano, 28 Januari

Nimekisoma. Kwenye metro, kurudi nyumbani Sanyuanli, kwenye karatasi za majaribio. Nimepitiliza stesheni yangu.

Mtoto anaitwa Lea. Ni Uholanzi, ana miaka sita. Wanazi wametoa amri kila Myahudi avae nyota ya njano kifuani. Mama yake anamshonea kwenye koti. Lea anadhani ni tuzo, maana shuleni mwalimu humchorea nyota aliyefanya vizuri. Anatoka nje akijidai. Mwokaji mikate, aliyezoea kumpa kipande cha pembeni kila asubuhi, anaiona nyota na kumpa mgongo. Ukurasa huo hauna neno hata moja. Mgongo mpana tu, na mtoto kasimama.

Baadaye mama mmoja dobi anamficha darini, nyuma ya ukuta wa mbao. Zaidi ya miaka miwili. Anajifunza kukohoa ndani ya mto wa kulalia. Vita vinaisha, anatoka. Baba na mama hawarudi.

Ni kisa cha kweli na mwenyewe yu hai. Anakaribia miaka tisini, yuko nyumba ya wazee huko huko Uholanzi. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya ukunga Kilimanjaro, miaka na miaka. Mama yake Neema kazaliwa mikononi mwake. Haya yote kamsimulia Neema kwa Kiswahili, kwa ujumbe wa sauti, kidogo kidogo. Anataka watoto wa kule ndio wawe wa kwanza kukisoma.

Nimekasirika. Niseme kweli, humu hakuna wa kunisikia. Simu yangu imejaa watoto wa Gaza. Nikifungua tu, mtoto mwengine kafunikwa vumbi. Nikajiuliza huyu mbona kapata kitabu, wale nani atawachorea? Dakika hiyo hiyo najikuta nalia kwa ajili ya huyu wa koti, mbele ya abiria, mtandio mdomoni. Najua mtoto ni mtoto. Sihitaji kuhubiriwa. Lakini naumia pande zote mbili.

Ijumaa, 30 Januari

Baada ya swala nimemkuta Neema ananisubiri nje, kajikunyata. Binti wa Bibi Lea kampigia. Moyo wa mama yake umechoka. Daktari hasemi miezi, anasema tutaona. Kila akiamka bibi anauliza kitu kimoja: kitabu kimefika?

Tumepanga hivi. Nakala chache za mwanzo zipande ndege uwanja wa Baiyun, zikimbie kwa bibi. Zilizobaki ziende kwa kontena la Masoud mpaka Dar, kisha Moshi. Masoud ni mtu wa Kikwajuni, Zanzibar, jirani yangu ghorofa ya chini, ndiye anayetukusanyia mizigo. Kila mtu analeta katoni zake, yeye anashindilia kontena moja. Jinzi za viwanda vya Xintang ndizo shibe yake, sisi wengine tunajaza mapengo.

Neema kaniambia, "Dada Zuhura, nakutegemea wewe tu." Sipendi kuambiwa hivyo. Usingizi wangu ni mwepesi tayari.

Jumamosi, 31 Januari

Majalada yametoka na yanameremeta! Laobani kagonga dhahabu kwenye nyota, kwa moto, kama ya kadi zangu. Majalada yote. Hakuniongezea hata senti. Kaniambia mimi ni pengyou, rafiki, na mwaka mpya unakuja, kitabu cha mtoto lazima king'ae. Nyota imekaa katikati ya koti la bluu, ukiinamisha jalada inacheza na taa. Nimefurahi kwelikweli. Nimepiga picha nikamtumia Neema.

Hajajibu. Atakuwa darasani.

Jumamosi hiyo hiyo, jioni

Hakuwa darasani. Kaja mpaka kwangu, kasimama mlangoni, hakutaka hata kuvua viatu. Hakupiga kelele. Bora angepiga.

"Dada, ile nyota ilikuwa tusi. Sisi tumeivisha dhahabu."

Kumbe rangi ile ya njano aliihangaikia wiki nzima. Kaichanganya, kaimwaga, kaichanganya tena, mpaka ikachacha kama alivyotaka, rangi ya kitu kilichooza. Bibi Lea alimwambia kitambaa kilikuwa kibaya, kikali, kinakwaruza kidevu. Na mimi nimesema kama kawaida yangu. Kawaida yangu ni harusi.

Nimejisikia mpumbavu. Na nimemkasirikia yeye kwa kunifanya nijisikie hivyo.

Jumapili, 1 Februari

Tumegombana, mimi na Neema. Kwa simu, mchana kutwa.

Nilimwambia tupeleke hivi hivi. Bibi anakufa. Macho ya mtu wa miaka tisini yataona nini? Ataona kitabu chake, atashukuru, atalala. Wafanyakazi wanaondoka, mashine zinafunikwa, tukianza upya atazikwa hajakiona. Nani atabeba hilo? Kanijibu atalibeba yeye. Atampigia bibi mwenyewe, amwambie bado. Sauti ile ile ya adabu. Hawa watoto wa mlimani ni wagumu.

Nimempigia Laobani. Bu xing, haiwezekani. Kakata simu. Anadhani natafuta punguzo. Simlaumu. Ndiyo michezo yetu hapa mjini: mzigo ukikamilika, mnunuzi anaanza kuona kasoro zisizokuwepo ili bei ishuke. Nimeshamfanyia mara nyingi tu. Leo nina kasoro ya kweli na sina wa kuniamini.

Alasiri nimelichukua jalada nikaliweka juu ya meza, nikalitazama. Jicho linakwenda kwenye dhahabu lenyewe, halihitaji kuambiwa. Linafurahi. Hivyo ndivyo Lea alivyofurahi asubuhi ile kabla hajatoka nje. Yeye alikuwa hajui. Mimi nilikuwa nimeshasoma.

Haiendi hiyo. Nimemwambia Neema asimpigie bibi kwanza. Nakwenda kiwandani kesho.

Jumatatu, 2 Februari

Niandike upesi.

Nimemkuta Laobani anafunga makaratasi. Kaniona, kaanza kutikisa kichwa kabla sijaketi. Nikaanza kumweleza, na hapo ndipo nilipogundua msiba wangu. Miaka yote hii Guangzhou, Kichina changu ni cha soko. Najua ghali, rahisi, haraka, imeharibika, rafiki, leo, kesho, usinidanganye. Neno la kumwambia mtu kwamba watoto walivishwa alama ili wajulikane wa kuuawa, sina. Simu ya kutafsiri ikasema mambo yake, Laobani akacheka, akadhani nazungumzia nyota ya mtu wa sinema.

Nikachukua jalada bovu, lililokatwa vibaya, nikaikata nyota ile ya dhahabu kwa mkasi. Nikaibandika kwa gundi ya karatasi kifuani, juu ya koti langu. Mimi, na mtandio wangu. Nikasimama katikati ya karakana. Wafanyakazi wakacheka, wakatoa simu. Nikawaacha. Nikafungua kitabu ukurasa wa mwokaji mikate, nikauinua waone ule mgongo. Nikaonyesha nyota, nikaonyesha mlango: toka. Nikaonyesha mkate: mei you, hakuna, kwako hakuna. Kiti: hakuna. Shule: hakuna. Nikafungua ukurasa wa darini. Nikafungua wa mwisho, meza yenye viti vitatu na mtoto mmoja. Nikaonyesha viti viwili vitupu. Mei you. Nikarudi kwenye jalada, nikaigusa dhahabu, nikatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanatoka na sikuyafuta.

Kicheko kiliisha kwenye ukurasa wa darini.

Nilipokuwa nimesimama pale niliwakumbuka wenye nyumba wa hapa mjini walionifungia mlango sijafungua hata mdomo, kwa rangi yangu tu. Nikajikataza. Si sawa. Mimi nilikuwa na pasipoti na tiketi ya kurudi nyumbani.

Laobani kachukua kitabu, kakirudia toka mwanzo, mwenyewe, polepole. Kisha kasema maneno mengi ambayo nusu sikuyapata. Bibi yake. Vita. Wajapani. Akashusha kiganja kuonyesha kimo, mtoto wa kufika kiunoni. Akakunja mwili kidogo, kama mtu aliyejificha, akafumba mdomo kwa mkono. Basi.

Akamwita fundi wa mashine kubwa. Fundi ana tiketi ya treni ya kesho asubuhi, begi liko mgongoni. Wakabishana kwa Kikantoni, sauti juu, mpaka nikadhani imeshindikana. Fundi akalivua begi.

Jumanne, 3 Februari

Majalada mapya. Njano iliyochacha, haina mng'ao wowote. Neema kaja, kasimama kwenye mashine akikagua kila baada ya muda, akiomba wino uongezwe, upunguzwe. Fundi anamnunia lakini anafanya. Nakala za bibi zimefungwa kwa mkono hapo hapo, gundi bado ya moto; zilizobaki zimeingia katoni usiku.

Majalada ya dhahabu nimeomba yapite kwenye kisu mbele yangu. Yamepita. Roho iliniuma kidogo, siwezi kudanganya, dhahabu ilikuwa imekaa vizuri.

Jumatano, 4 Februari

Nimekwenda mwenyewe ofisi ya mizigo ya ndege, Baiyun. Kijana wa kaunta kataka kunipangia safari ya wiki ijayo kwa sababu ya sikukuu. Nimegoma kuondoka mbele ya kaunta yake. Nilikuwa na hasira za kutosha kwa watu kumi. Mzigo umeondoka na ndege ya leo.

Sasa ni Mungu na moyo wa bibi.

Alhamisi, 5 Februari

Balaa jipya. Vidio ya karakana imesambaa. Mfanyakazi mmoja kaiweka mtandaoni, mtu wetu kaiona, kaitupa kwenye kundi la wafanyabiashara wa Tanzania. Mimi na mtandio, nyota ya Kiyahudi ya dhahabu kifuani, naonyesha mlango. Bila maelezo. Hakuna anayejua nilikuwa nasema nini. Asubuhi nimeamka nimekuwa kahaba wa Tel Aviv.

Wametukana mpaka wamechoka. Watu niliowatafutia daktari, niliowapokea uwanja wa ndege, wanaandika Zuhura kauza dini. Nimeandika jibu, nimelifuta. Nimeandika tena, nimefuta.

Masoud hakutukana. Kanipigia, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Bi Zuhura, katoni zako sipakii. Wenye jinzi wamenambia zikiingia zako wao wanatoa zao. N'fanyeje mie? Wakati huu wa Gaza, weye unaniletea Mayahudi kwenye kontena langu?"

Nimemwambia ni mtoto mmoja. Kasema hajali. Kontena linafungwa keshokutwa. Hakuna jengine mpaka sikukuu za Wachina ziishe.

Naogopa. Naishi na hawa watu. Nikiugua hawa ndio watakaonipeleka hospitali, nikifa hawa ndio watakaoniosha.

Jumamosi, 7 Februari

Nimeshuka kwa Masoud mapema, kabla ya wapakiaji. Nimempelekea kitabu kimoja. Sikumwamkia.

Nikamwambia akisome. Akikuta humo uongo mmoja, au neno moja la kumtukana Muislamu au Mpalestina, katoni zangu nitaziacha barabarani zinyeshewe. Kasema hana nafasi. Nikaketi juu ya katoni zangu. Nikamwambia mimi ninayo.

Kasoma. Masoud anasoma kwa midomo, kama watu wa madrasa. Kwenye ukurasa usio na maneno midomo ilisimama. Alikaa hapo kuliko pengine pote.

"Na wazee wake?"

"Hawakurudi."

Kafunga kitabu, kakifungua tena.

"Huyu bibi anasemaje kuhusu Gaza?"

Nilijua swali hilo litakuja. Mimi mwenyewe nimelibeba tangu siku ile ya metro. Ningeweza kumtungia jibu zuri, angelimeza. Sikutaka.

"Sijui, Masoud. Sikumuuliza. Wakati huo alikuwa na miaka sita."

Nje wapakiaji walikuwa wameshaanza kuburuta magunia ya jinzi. Masoud kajikuna kichwa, katoa kofia, kairudisha. Kaniuliza kama nitachapa na cha mtoto wa Gaza akitokea wa kukichora. Nikamwambia hata kesho, na nitaketi juu ya katoni zake vile vile. Sikuwa natania na alijua.

"Haya, zipakiwe. Lakini zigeuzwe, jina litazame ukuta. Na weye ondoka hapa, wenye jinzi wasikuone. Nitawaambia mimi."

Nimeondoka. Sikushukuru vizuri. Sijui atawaambia nini. Saa sita kanitumia picha ya mlango wa kontena umefungwa, haina maneno.

Jumatano, 11 Februari

Hakuna habari. Mzigo wa bibi umefika Amsterdam, umekwama, haijulikani wapi. Neema kaja kula kwangu, hakula. Kundini wamepata mtu mwengine wa kumsema. Mama Rukia wa kundini kanisalimia sokoni, niliyekutana naye jana hakunisalimia. Sanyuanli imekuwa tupu, maduka yameshusha milango ya chuma, taa nyekundu kila mahali.

Sina la kufanya. Nimefua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Alhamisi, 19 Februari

Ramadhani Karimu. Mji umelala kwa mwaka mpya wao, sisi tumeamka kwa daku. Nimefunga, kichwa kinauma kidogo kwa kukosa chai.

Neema kanitumia ujumbe wa sauti aliorekodi binti wa Bibi Lea. Neema katanguliza maneno yake mwenyewe: kitabu kilifika Jumatatu, bibi alikuwa macho. Nimekaa kitandani nikausikiliza.

Mwanzo ni karatasi tu, kurasa zinageuzwa. Mtu anapumua kwa shida. Kisha sauti ya mwanamke mzee sana, Kiswahili cha Kilimanjaro, safi kuliko cha wengi wetu. Anamwambia Neema ahsante mwanangu, salimia mama. Anaomba miwani. Nasikia kidole kinapapasa jalada. Binti anamuuliza kitu kwa Kiholanzi na yeye hajibu kwa Kiholanzi.

"Ndiyo," anasema. "Nyota ilikuwa mbaya hivi hivi."

Kisha anaomba asomewe, kuanzia ukurasa wa kwanza.